Kuandikwa Shuleni na Kupokewa Shuleni

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, waalimu na wanafunzi katika siku za Jubilii



Katika siku hizi za Jubilii tumesikia hesabu nyingi, nazo ni hesabu za kufurahisha: shule zilizojengwa, madarasa yaliyoezekwa, watoto walioandikwa. Ni haki yetu kuzifurahia, maana kila tofali lililopandishwa ukutani lilipandishwa kwa jasho la watu. Lakini mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja lisilohesabika upesi, nalo ni hili: mtoto aweza kuandikwa shuleni, wala asipokewe shuleni. Jina lake limo daftarini, sare i mwilini, dawati analo. Lakini moyoni mwake yeye ni mgeni, na hata akimaliza miaka yake yote huondoka akiwa mgeni vile vile. Na mtoto akaaye ugenini kila siku ya maisha yake huumia, ijapokuwa hana kidonda cha kuonekana.

Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani. Walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi hulitumia neno hili kumcheka mgeni mvivu. Lakini tazameni upande wake wa pili. Jembe hili si adhabu. Anayepewa jembe ameambiwa, Wewe sasa si mtu wa kukaa barazani na kutazamwa; shamba hili ni lako kama lilivyo letu, na njaa ikija itatupata sote. Tena walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba mcheza vizuri ndiye atunzwaye. Walisema mcheza kwao. Mtu akicheza kwao, hata akikosea hatua, hazomewi. Basi neno langu lote la leo limo katika methali hizi mbili: kijana apate shuleni mahali ambapo ni kwao, na apate jembe la kushika.

Mtauliza, Kwa nini kusema habari za vijana, wala si watoto wadogo? Kwa sababu kijana wa miaka 13 au 14 yu njiani, ameondoka huku wala hajafika kule. Mwili wake wabadilika, sauti yake yabadilika, na macho ya wenzake yamekuwa kioo chake. Mtoto mdogo akiulizwa yeye ni nani, hujibu, Mimi ni mwana wa fulani, akatosheka. Kijana hatosheki na jibu hilo. Ataka jibu la pili, nalo hulitafuta pale anaposhinda mchana kutwa, yaani shuleni. Shule ikimjibu, Wewe ni mwenzetu, hutulia. Shule ikimjibu, Wewe si kitu, hana pa kukata rufani.

Na katika nchi yetu ya Tanzania umri huo ndio umri wa kuingia kidato cha kwanza. Huacha shule ya msingi ya kijijini, alipojuana na kila mtu, akaenda bwenini na tranka lake na godoro lake, au akatembea mwendo mrefu asubuhi na jioni kwenda shule ya kutwa. Huko hukuta waalimu wapya na wenzake wapya. Tena, ikiwa ametoka katika shule ya serikali, alikuwa akifundishwa kwa Kiswahili, na sasa masomo karibu yote yatafundishwa kwa Kiingereza. Mambo manne yameangukia kichwa kimoja katika mwezi mmoja. Si ajabu kichwa kikalemewa.

Dalili za kulemewa twazijua, ila mara nyingi twaziita kwa majina mengine. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, twasema ni mvivu. Anayenyamaza darasani, twasema ni mpole. Anayepigana, twasema ni mkorofi. Anayetoroka, twasema amekosa adabu. Yamkini mmoja wao ni mvivu kweli, na mwingine ni mkorofi kweli. Lakini wengine wanatuambia kwa mwili maneno wasiyoweza kuyatamka kwa kinywa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine, na katika magonjwa hayo yamo yale ya hofu isiyokwisha na ile huzuni nzito iitwayo sonona. Sisemi kwamba shule ndiyo iletayo magonjwa hayo yote. Yako yatokayo katika damu, na yako yatokayo katika njaa na misiba ya nyumbani. Nasema kwamba shule yaweza kuyaongeza, na shule yaweza kuyapunguza.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1993 mwanamke mmoja mtaalamu wa Marekani, Carol Goodenow, alitunga maneno 18 ya kuwauliza wanafunzi, apate kujua kama wajiona kuwa ni wa shule yao. Hakuuliza habari za majengo. Aliuliza kama mtoto aona anaheshimiwa, kama watu huona anapofanya jambo vizuri, kama yuko angalau mtu mzima mmoja anayeweza kumwambia shida yake. Kisha mwaka 1997, huko huko Marekani, zilitolewa habari za vijana 12,118 walioulizwa majumbani mwao. Ilionekana kwamba vijana waliojiona wameshikamana na jamaa zao, na kushikamana na shule yao, walikuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao, na mawazo ya kujiua kidogo, na ugomvi kidogo, na ulevi kidogo. Angalieni, si nyumba peke yake, bali nyumba na shule.

Mtu mwenye akili aweza kuuliza, Je, si kwamba mtoto mwenye huzuni ndiye ajionaye mgeni? Yaani, huzuni ndiyo iliyotangulia, na ugeni ukafuata. Swali hili ni la haki, maana upepo huu huvuma pande zote mbili. Basi yafaa kutazama mahali ambapo watu waliibadili shule kwanza, kisha wakaangalia watoto wamekuwaje. Walifanya hivyo katika jimbo la Bihar, huko Bara Hindi, na habari zake zilitolewa mwaka 2018. Shule za sekondari 75 ziligawanywa kwa kura. Katika shule za sehemu moja aliwekwa mtu wa kawaida, asiye mwalimu wala tabibu, aliyefundishwa kazi ya kuwasikiliza vijana. Liliwekwa sanduku ambamo mwanafunzi aliweza kutia karatasi ya malalamiko au swali. Likawekwa gazeti la ukutani. Ikaundwa kamati, na wanafunzi wenyewe wakiwamo. Na aliyetaka kusema shida yake faraghani alipata wa kumwambia. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, wanafunzi wa shule zile walisema shule yao imekuwa mahali pema kuliko walivyosema wenzao, na sonona ilipungua, na uonevu ulipungua.

Lakini habari hii ina mkia, nao ni wa kutufaa sisi waalimu. Katika shule za sehemu nyingine kazi ile ile walipewa waalimu, wala halikuonekana badiliko la maana. Mimi naona sababu zake si ngumu kuzidhani. Mwalimu amebeba vipindi vingi, na madaftari ya kusahihisha, na zamu. Tena mwanafunzi humwogopa anayemtoza alama na kushika fimbo. Ni vigumu kumfungulia moyo mtu ambaye jana alikuadhibu. Basi tusidhani kwamba tumelimaliza jambo hili kwa kumwandika mwalimu mmoja kuwa mwalimu wa ushauri, kisha tukamwachia vipindi vyake vyote kama vilivyokuwa.

Tena jambo hili si geni katika historia ya shule za misioni hapa kwetu. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu huko London, chenye habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja. Wengi wa wavulana wale walikuwa wameokolewa katika utumwa. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali ya bara. Walikuwa wametengwa na mama zao na ndugu zao, wakapitishwa mikono mingi hata kufika pwani. Wavulana hao walipewa kalamu, wakaandika habari za kwao, na jinsi walivyokamatwa. Sisemi kwamba kalamu iliwaponya. Nani aweza kujua? Lakini fikirini mtoto aliyeuzwa kama kitu, akaambiwa, Kaa hapa, tueleze wewe ni nani na umetoka wapi. Aliyeulizwa hivyo amehesabiwa kuwa mtu. Na ikiwa swali hilo liliweza kuulizwa kwa watoto wale, sisi tuna udhuru gani wa kutolijua jina la mtoto aliyetoka kijiji cha pili?

Sasa na tutazame milango mitatu ambayo kwa hiyo watoto wetu hufanywa wageni, na sisi tukitazama.

Mlango wa kwanza ni lugha. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya ameeleza jinsi katika shule za zamani za kwao mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na shule alivyopigwa, au alivyovikwa shingoni kibao cha kumtangaza kuwa mjinga. Tena watoto walifundishwa kuwindana na kushtakiana. Yako mahali hata leo ambapo mambo ya namna hii hayajakwisha. Mimi sikatai mtoto afundishwe Kiingereza. Afundishwe, tena afundishwe vizuri. Ninachokataa ni kumfundisha kwa aibu. Mtoto asimamaye kujibu, akakosea neno moja, na darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka pamoja nao, hajifunzi Kiingereza siku ile, ajifunza kunyamaza. Akinyamaza mwaka mzima, twamwandikia katika taarifa yake kwamba hashiriki. Atashirikije, naye alikwisha kufukuzwa na kicheko?

Mlango wa pili ni mateso ya wageni wa kidato cha kwanza. Kwetu huitwa njuka, na Kenya huitwa mono. Hufuliwa kwa mikono yao nguo za wakubwa, huamshwa usiku, hunyang'anywa sukari na sabuni, huimbishwa na kuchekwa. Wakubwa husema, Nasi tulifanyiwa. Tazameni jinsi neno hili lilivyo la huzuni: yule aliyeumizwa alingoja miaka mitatu, si apate kuuondoa ubaya, bali apate zamu yake. Wengine hulitetea wakisema kwamba mateso huwaunganisha wanafunzi, na kwamba aliyeyavumilia hujiona wa shule kweli. Naam, huwaunganisha wale waliovumilia. Lakini yule asiyevumilia, aliyerudi kwao akaacha shule, hayupo wa kutoa ushahidi wake. Tena umoja ulionunuliwa kwa machozi ya mdogo hulipwa na mdogo mwingine, wala deni hilo halina mwisho.

Mlango wa tatu ni wa wasichana waliopata mtoto. Kenya iliruhusu kwa kanuni warudi shuleni tangu mwaka 1994. Kwetu Tanzania Bara walifukuzwa kwa miaka mingi, hata Novemba 2021, ndipo serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha kwa sababu ya kujifungua aweza kurudi katika shule ya kawaida. Kabla ya hapo, tangu Januari 2016, ada ilikuwa imekwisha kuondolewa katika shule za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hata cha nne. Hivyo kuandikwa kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini fikirini msichana wa miaka 17 anayeingia darasani ambamo wenzake ni wadogo kuliko yeye, na maziwa yamejaa kifuani, na nyuma yake wananong'ona. Tangazo la serikali limemfungulia lango la shule. Halikuweza kumfungulia midomo ya watu kwa salamu. Hilo ni juu yetu. Akirudi akakaa majuma mawili kisha akatoweka, tusiseme, Tulimpa nafasi akaikataa. Tuulize, Siku ya kwanza nani alikaa naye?

Najua wako wazee hapa wanaosema moyoni, Sisi tulichapwa, tukachekwa, tukatembea na njaa, na tazama, tumekuwa watu. Wazee wangu, nawaheshimu, wala sibishani na maisha yenu. Lakini kila mmoja wenu, akikumbuka vizuri, atamkumbuka mtu mmoja: mwalimu aliyemwita kwa jina, au mpishi aliyemwekea uji, au mwenzake aliyegawana naye shuka. Hamkukua kwa sababu ya fimbo peke yake. Mlikua kwa sababu katikati ya fimbo alikuwako mtu aliyewahesabu kuwa wake. Wale waliokosa mtu kama huyo hawapo hapa leo kutuhadithia.

Wala sisemi kwamba kumpokea mtoto ni kumwachia afanye atakavyo. Mwenyeji hukemewa, tena hukemewa kwa ukali kuliko mgeni, maana mgeni hustahiwa. Tofauti ni hii: mtoto wa nyumbani akikosa huonywa apate kubaki, mgeni akikosa huonyeshwa njia. Shule yenye malezi mema hukemea kwa namna ambayo mtoto asikia, ndani ya makemeo yale, kwamba bado atakiwa.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, majina. Kila mwalimu wa darasa na ayajue majina ya wanafunzi wake wapya kabla majuma mawili hayajapita, na jina lenyewe, si namba wala jina la kijiji. Darasa likiwa na watoto 70, kazi hii ni ngumu, najua. Ndiyo maana yafaa igawanywe, kila mwalimu wa shule, hata asiyefundisha darasa lile, apewe watoto wachache wa kuwaangalia.

Pili, jembe. Kila mtoto na apewe kazi ambayo asipoifanya itaonekana kwamba hayupo: kupiga kengele, kutunza miche, kuhesabu vitabu, kuongoza sauti ya tatu katika kwaya, kupanga mpira. Tusiwape kazi hizo wale wale viranja kila mwaka. Mtoto anayehitajiwa na shule hawezi kudhani kwamba akitoweka hakuna atakayejua.

Tatu, ndugu mkubwa. Kila mgeni wa kidato cha kwanza na akabidhiwe kwa mwanafunzi mmoja wa juu, wa kumwonyesha kisima, na bweni, na desturi za mahali, na kumtetea. Na huyo mkubwa aulizwe na mwalimu kila juma, Mdogo wako yu hali gani? Hivyo ile nguvu ya wakubwa iliyotumika kutesa itapata kazi njema ya kufanya.

Nne, masikio. Awepo shuleni mtu mmoja wa kusikiliza, mwanamke kwa wasichana na mwanamume kwa wavulana ikiwezekana, asiyeshika fimbo wala asiyetoza alama. Aweza kuwa mama wa kijijini mwenye busara na moyo wa kutunza siri, akafundishwa kazi hiyo. Naye ajue mipaka yake: akisikia kijana anasema habari za kujiua, au ameumizwa na mtu mzima, asilifiche neno hilo kifuani, bali amfikishe upesi hospitali, au kwa wenye mamlaka ya kumlinda.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo likizo, msiulize kwanza, Umepata ngapi? Ulizeni, Unakaa na nani wakati wa kula? Rafiki yako anaitwaje? Akishindwa kutaja hata jina moja, mmekwisha kupata taarifa iliyo kubwa kuliko ile iliyotiwa muhuri.

Nanyi vijana, msidhani kwamba maneno haya ni ya wakubwa tu. Mwalimu aweza kutunga kanuni mia, lakini wakati wa chakula hayupo. Ninyi ndio mnaoamua nani atasogezewa nafasi benchini na nani atakula amesimama. Kusogea kidogo hakuna gharama, na kwa mwenzako aliyesimama na sahani mkononi huenda ndilo jambo kubwa litakalompata juma hilo.

Sasa namaliza. Daftari la mahudhurio huwa na mstari mmoja kwa kila mtoto, na kila asubuhi mwalimu huita, na mtoto hujibu kwamba yupo. Naomba kila mmoja wetu, aendapo nyumbani baada ya sherehe hizi, amfikirie mtoto mmoja wa shule iliyo karibu naye ambaye hujibu hivyo kila siku, wala hakuna ajuaye kama yupo kweli. Januari ijayo malango yatafunguliwa tena, na matranka yatashushwa, na watoto watasimama uani wasijue pa kwenda. Wawepo wa kuwalaki.